Kabla Tumbo Lionekane: Panya, Insulini na Sisi wa Buru



Leo nataka tuongee kuhusu panya. Si wale wa mtaro wa nyuma ya soko. Nasema wale wa maabara, wa kwa vizimba. Najua kidole chako kishaanza kusogeza skrini, lakini ngoja kidogo, kwa sababu hawa panya wana jibu la ule ubishi tunaopigana kwa komenti kila wiki: mtu akiwa mnene, ni makosa yake ama la?

Kila mtu wa Buru ana upande wake. Kuna wasee wa jimu, jibu lao ni moja tu: punguza kula, songesha mwili, wacha visingizio. Kuna mashosho, wao mtoto akinona wanamshukuru Mungu, wanasema huyo nyumbani kwao kuna chakula. Halafu kuna watoto wa shule. Hao hawana mjadala, wao humpa tu mwenzao jina. Bonge. Tipa. Tangi. Hilo jina linamfuata kutoka darasa la nne mpaka fomu fo, na siku ya mechi anapelekwa goli kwa sababu "yeye atajaza".

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ndio usiseme nimekuzungusha. Unene mwingi huanza ndani ya mwili kabla jicho halijauona. Na kinachouanzisha, kwa wengi wetu, ni chakula kilichotuzunguka tangu tukiwa wadogo, kuliko uvivu ama ulafi wa mtu mmoja. Kwa hivyo ukimcheka mtoto bonge, umefika mechi ikiwa imeshaisha na unampigia kelele mchezaji aliyeingizwa uwanjani bila kuulizwa. Kama kweli unachukia unene, kuna watu wakubwa zaidi wa kubishana nao.

Mimi si daktari, na kampasi yenyewe niliacha. Lakini kusoma sikuacha, na hii stori iko wazi, mtu yeyote anaweza kuifuata.

Makanga anaitwa insulini

Tuanze na mwili. Ukila chapo, sukari yake inaingia kwa damu. Kuna kiungo kinaitwa kongosho, kiko nyuma ya tumbo, kikisikia sukari imepanda kinatoa homoni inaitwa insulini.

Chukulia insulini kama makanga wa nganya ya 58 saa kumi na mbili jioni pale tao. Sukari ndio abiria, wamejaa stegi. Makanga anawasukuma ndani: kwa misuli, kwa ini, kwa seli za mafuta. Hiyo kazi ya kwanza wengi wanaijua. Ya pili ndio haisemwi sana. Makanga akishasimama mlangoni, hakuna mtu anashuka. Yaani insulini ikiwa juu, seli za mafuta zinapokea lakini hazitoi. Ikishuka, kama usiku ukiwa umelala ama katikati ya mlo na mlo, mlango unafunguka na mwili unaanza kutumia akiba yake.

Hapo hakuna ubaya, ndivyo tulivyoumbwa. Shida inakuja gari likijaa. Seli zinaanza kukataa abiria. Kongosho inaona stegi bado kuna watu, inatuma makanga wa pili, wa tatu. Sukari kwa damu inabaki sawa, ukipimwa unaambiwa uko fiti. Kile hawajakwambia ni kwamba kuishikilia hiyo sukari pale pale, mwili wako sasa unatumia insulini nyingi kuliko zamani. Hali hiyo inaweza kuendelea miaka, kimya, hakuna dalili. Siku kongosho ikichoka ndio unaskia neno kisukari kwa mara ya kwanza.

Kwa hivyo shikilia hili wazo moja: mambo yanaweza kuwa yameharibika ndani na nje bado kuko poa. Sasa twende kwa panya.

Ndugu wawili, ziwa moja

Mwaka 1961, watafiti wawili wa Marekani, Lois Zucker na Theodore Zucker, waliandika kuhusu panya wa maabara yao waliokuwa na unene wa kurithi. Mama mmoja, uzao mmoja, lakini baadhi ya watoto wanakuwa wa kawaida na wengine wanafura kama mpira. Wanaitwa panya wa Zucker mpaka leo, na wamefanyiwa utafiti kuliko msee yeyote unayemjua.

Kwa macho, ule unene unaonekana wakiwa na wiki nne ama tano hivi. Watafiti wakajiuliza swali zuri: na kabla ya hapo je?

Wakarudi nyuma mpaka kwa watoto ambao bado wananyonya, hawajamaliza hata wiki tatu. Nje wote wanafanana, huwezi kusema yupi ni yupi. Lakini ndani, seli za mafuta za wale watakaonenepa zilikuwa tayari zinaweka akiba kuliko za ndugu zao. Na wakipewa sukari, kongosho zao zilikuwa zinamwaga insulini kupita kiasi. Wanasayansi walibishana miaka mingi ni nini kinatangulia, seli za mafuta ama insulini. Mimi huo ubishi nawaachia. Kinachonihusu ni kwamba yote mawili yalitangulia macho.

Kuna jaribio lingine lilichapishwa mwaka 1980, la Cleary, Vasselli na Greenwood. Hawa walichukua panya wa Zucker wenye jeni ya unene, wakawapimia chakula kisizidi kile ndugu zao wembamba wanakula. Sahani sawa, gramu sawa. Unadhani waliishia kuwa wembamba? Hapana. Bado waliweka mafuta mengi mwilini kuliko ndugu zao. Walikula sawa na bado wakanenepa.

Hapo msee wa jimu naomba anyamaze dakika moja.

Sababu yake ilikuja kujulikana baadaye. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman, Chuo Kikuu cha Rockefeller kule New York, iligundua jeni ya homoni inayokuja kuitwa leptini. Hii inatoka kwa seli za mafuta zenyewe, inaenda kuambia ubongo: akiba iko, tulia. Mwaka 1996 ikaonekana kwamba kwa panya wa Zucker, kile kipokezi cha leptini kimeharibika. Meseji inatumwa lakini ubongo hauipati. Kwa hivyo huyo panya anaishi akiamini ana njaa, huku amebeba mafuta ya kumtosha miezi. Ukimwambia awe na nidhamu unamwonea bure.

Najua utakachosema. "Sawa, lakini hao wana jeni mbovu. Sisi wa Fezi Tatu tuna jeni mbovu pia?"

Swali fiti. Jibu ni hapana, wengi wetu hatuna. Watu wenye kasoro kama ile ya Zucker ni wachache sana duniani. Ndio maana kuna panya wa pili nataka umjue, na huyu ndiye anafanana na sisi.

Panya aliyehamishwa kutoka jangwani

Kuna mnyama mdogo, jamaa ya panya, anaishi kwa jangwa la Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Kisayansi anaitwa Psammomys obesus. Hilo jina lina utani ndani yake, kwa sababu huko jangwani wala hana shida ya unene. Anakula majani ya mimea ya chumvi, majani yenye maji mengi na nguvu kidogo. Inabidi ale mengi ndio ashibe, na maisha yanaenda.

Miaka ya 60, Knut Schmidt-Nielsen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapeleka baadhi yao Marekani kutoka Misri. Wakawapa chakula cha kawaida cha panya wa maabara. Hapo nataka uelewe vizuri: hawakuwapa keki, hawakuwapa soda. Ni zile punje za kawaida ambazo panya wengine wa maabara wanakula maisha yao yote na hawapati shida. Mwaka 1964 wakaripoti kwamba wale wa jangwani wamepata kisukari.

Watafiti waliokuja baadaye waliufuatilia ugonjwa hatua kwa hatua. Kwanza mnyama ni mzima, sukari sawa, insulini sawa. Hatua ya pili, insulini imepanda lakini sukari bado iko sawa. Hatua ya tatu, zote mbili ziko juu. Ya mwisho, kongosho imechoka, insulini inaanguka na sukari inapaa. Soma tena hiyo hatua ya pili, ndio ile ya makanga wengi na stegi inayoonekana tulivu.

Na kuna kitu cha kutia moyo. Wakiwahiwa mapema, wakapunguziwa chakula chenye nguvu nyingi, wengi hali yao inarudi. Wakicheleweshwa mpaka kongosho ife, hawarudi tena.

Huyu panya jeni zake hazikubadilika njiani kutoka Misri kwenda Marekani. Roho yake haikuwa ya ulafi ghafla. Kilichobadilika ni sahani.

Kama bado huoni Buru hapo, ngoja nikuletee wa tatu. Mwaka 1976, Anthony Sclafani na Deleri Springer wa Brooklyn College walichukua panya wa kawaida kabisa, hawana kasoro yoyote, wakawapa vyakula vya supamaketi: biskuti za chokoleti, salami, jibini, siagi ya karanga, maziwa mazito yenye sukari, peremende laini. Wakala watakavyo. Ndani ya miezi miwili hivi walikuwa wameongeza uzito zaidi ya mara mbili ya ule walioongeza wenzao wa punje za kawaida.

Panya wa kawaida, chakula cha supamaketi. Hakuna mtu aliandika kwamba kizimba kizima kilikosa nidhamu.

Na hapa nyumbani?

Hapa ndio mtu anasema panya ni panya, watu ni watu. Kweli, na ndio maana sitaki tuishie kwa vizimba.

Kuna utafiti ulifanywa hapa kwetu na kuchapishwa mwaka 1990, unaitwa utafiti wa uhamiaji wa Waluo. Neil Poulter na wenzake, akiwemo Profesa Mugambi, waliwafuata watu waliotoka vijijini kule upande wa Ziwa Victoria wakaja kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wale waliobaki kijijini. Walikuwa wanapima presha. Presha ya waliohamia Nairobi ilipanda juu ya wale wa nyumbani, na haikungoja miaka kumi, ilianza mapema tu baada ya kufika. Mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi imeongezeka na potasiamu, ile ya mboga na matunda, imepungua. Hiyo ni presha, si insulini, sitaki kuchanganya mambo. Lakini sura ya stori ni ile ile ya panya wa jangwani: mtu ni yule yule, ukoo ni ule ule, amebadilisha sahani na mtaa, na mwili umeanza kubadilika kabla hata hajajua njia za tao.

Miaka ya baadaye, Dirk Lund Christensen na wenzake walipima sukari za Waluo, Wakamba na Wamaasai, wa mashambani na wa mjini. Kisukari kilikuwa kingi zaidi mjini. Makabila tofauti, vyakula vya asili tofauti kabisa, lakini mji uliwafanyia kitu kinachofanana.

Nambari za nchi nzima ndizo hizi. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 20 hadi 49, 45 hivi wana uzito uliopita kiasi ama unene. Karibu nusu ya mamako, dadako, na yule msichana wa M-Pesa. Huwezi kuniambia karibu nusu ya wanawake wa nchi nzima walishindwa na nidhamu kwa wakati mmoja. Na utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima 88 kati ya 100 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja.

Unganisha hizo mbili. Ugonjwa unaoanza kimya, ndani ya nchi ambayo haipimi. Halafu sisi kifaa tulichobaki nacho cha kupima ni jicho la jirani na mdomo wa darasa la nne.

Kizimba chetu

Sasa angalia Buru. Hii mitaa ilijengwa kwa fezi tano, miaka ya 70 kuingia 80, nyumba zenye kakiwanja mbele, kaua ka nyuma, na nafasi za watoto kucheza. Tembea leo. Kiwanja kimekuwa ekstensheni, ekstensheni imekuwa ghorofa, ghorofa ina duka chini. Silaumu mtu, kodi ya nyumba ndio inalisha watu. Lakini mtoto aliyekuwa anacheza kati mpaka taa za barabarani ziwake, leo anacheza kwa simu, ndani.

Halafu toka shule saa kumi ufuate Mumias South Road. Smokie. Mayai boilo. Smocha. Chipo. Bhajia. Soda baridi. Kila hatua kumi kuna mtu amekutengenezea kitu kitamu, cha haraka, cha bei unayoimudu na chenji ya matatu. Matunda yapo Mutindwa, tena si ghali. Lakini ndizi haina bango. Embe haidhamini tamasha la shule. Hakuna nganya nimeona imechorwa sukuma wiki.

Na mwenye toroli ya smokie si adui yangu, tuelewane. Huyo ni msee anatafuta riziki, pengine alisoma na sisi. Ukimfukuza yeye, lile kampuni lililotengeneza smokie halitahisi chochote, na kesho atakuja mwingine.

Soda ndio nataka tuitazame kwa karibu. Chupa ya nusu lita ya kola ya kawaida ina sukari gramu 50 na kitu. Hivyo ni vijiko vya chai 12 ama 13. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo asilimia 10 ni gramu 50 hivi. Chupa moja, siku yote imekwisha, na hujala chakula bado. Sasa fikiria mwili wa mtoto wa miaka tisa, kongosho yake ndogo, inaita makanga wote waliopo.

"Lakini si ni kalori tu?"

Najua kuna wenye watanijia na hili, na ni hoja ya maana, kwa hivyo tuijibu vizuri.

Ndiyo, kalori zina maana. Sisemi unaweza kunenepa kwa hewa. Kile nasema ni kwamba kiasi unachokula hakiamuliwi na roho yako peke yake. Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake wa taasisi za afya za serikali ya Marekani waliwaweka watu wazima 20 ndani ya wodi, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa sana. Milo ilipangwa iwe sawa kwa sukari, mafuta na kalori zilizowekwa mezani, na kila mtu akaambiwa ale kadiri anavyotaka. Kwa vile vya kusindikwa walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku, na wakaongeza karibu kilo moja. Kwa vile vingine wakapungua karibu hivyo hivyo. Watu wale wale! Nidhamu zao hazikubadilika Jumatatu kwa Jumatatu.

Na utaona hiyo haimaanishi insulini peke yake ndio kila kitu. Wako watu huku mtandaoni wanakuuzia kwamba insulini ni shetani, acha wanga wote, nunua chai yangu ya kupunguza tumbo. Hapana. Mwaka 2012 timu ya James Johnson kule Kanada ilipunguza jeni za insulini kwa vipanya, na hata walipolishwa mafuta mengi hawakunenepa kama wenzao. Kwa hivyo insulini nyingi inachangia, haikai tu pembeni ikitazama. Lakini kuchangia si kuwa peke yake. Kuna ubongo, kuna leptini, kuna usingizi, kuna vile chakula kimetengenezwa.

Na hili nalisema kwa herufi nzito kichwani mwako: kama wewe ama mtu wenu anadungwa insulini, usiiache hata siku moja kwa sababu ya posti ya mtu, ikiwemo hii. Kabla ya Januari 1922, alipodungwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 kule Toronto, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa anangoja kufa. Insulini ni uhai. Ninachokiongelea hapa ni mwili mzima unaolazimishwa kuitoa kupita kiasi kila siku, tangu utotoni.

Sasa tufanye nini

Kitu cha kwanza ni cha bure. Funga mdomo kuhusu miili ya watoto. Si bonge, si "umenona siku hizi", wala si "huyu anakula vizuri". Mtoto akisikia hivyo hapungui hata gramu. Anajifunza tu kujificha, anaacha kucheza, anakula peke yake. Ukimtoa goli ukamweka winga, umemsaidia kuliko mahubiri yako yote.

Cha pili, kama nyumbani kwenu kuna kisukari, usingoje tumbo. Enda ukapimwe sukari hata kama uko na miaka 22 na unajiona mwembamba. Kumbuka wale panya wa jangwani, kuwahi ndio kulileta tofauti. Na ukipata nafasi, mchukue mamako muende pamoja, kwa sababu peke yake atasema yuko sawa.

Cha tatu ni cha shule. Wazazi wana mkutano kila muhula, na wanabishana kuhusu rangi ya tracksuti. Waulize pia kile kinachouzwa kwa kantini. Shule inaweza kuamua kesho asubuhi kwamba ndani ya geti kuna maji, matunda na githeri, na soda inabaki nje. Haihitaji bunge.

Cha nne ndicho kinahitaji bunge. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa ya mwaka 2015 iliweka maji ya chupa na soda kwenye kundi moja, zinatozwa kwa lita. Kwa lita, si kwa gramu za sukari! Kwa macho ya hiyo sheria, chupa ya maji na chupa yenye vijiko 12 vya sukari ni mapacha. Ingia dukani uone kama bei zao hazikaribiani. Afrika Kusini ilianza kutoza sukari yenyewe ndani ya vinywaji Aprili 2018. Uingereza ikafanya vile vile mwezi huo huo, kinywaji kikiwa na sukari nyingi kampuni inalipa zaidi. Kampuni zilifanya nini? Hazikufunga. Zilipunguza sukari kwa chupa. Yaani mtoto wa kule amepunguziwa sukari bila kuhubiriwa na mtu yeyote, bila kuitwa jina. Wabunge wetu kila Juni wana mswada wa fedha, wanatafuta cha kutoza mpaka kwa mkate. Hiki hapa kipo, wazi kabisa, na hela zake zingenunua vipimo vya sukari vya zahanati zote za Eastlands.

Watasema ushuru unaumiza maskini. Nimeishi hapa, najua maana ya soda kupanda bob kumi. Lakini anayeumia zaidi sasa hivi ni nani? Ni mama wa Umoja anayeuza ploti ya shags kulipia dialisisi. Ni babu aliyekatwa mguu. Hizo bili hakuna kampuni ya soda inachangia.

Panya hawana chaguo, wanakula kile kimewekwa kwa kizimba. Sisi tuna kura, tuna mikutano ya shule, tuna simu zenye kelele kuliko redio ya taifa. Tumezitumia kumcheka mtoto wa darasa la nne. Tuzigeuze zielekee kwa wale wanaojaza kizimba.

Nimemaliza. Sasa nipe yako: shuleni kwenu kantini ilikuwa inauza nini, na nani alikuwa anaamua? Andika hapo chini. Na ukiwa msee wa jimu, karibu, ila njoo na hoja, usije na kifua tu.